Siku Kumi Menorca, Kisiwa cha Majina Yaliyobaki



Ndugu wasomaji, tumerejea nyumbani salama, alhamdulillahi, kutoka katika kisiwa ambacho kabla ya safari hii wengi wetu hatukuwa hata tumelisikia jina lake. Kinaitwa Menorca, nacho ni kimojawapo cha visiwa vya Baleari, mashariki ya Uhispania, katika Bahari ya Mediterania. Tumeombwa tuandike habari zake katika ukurasa huu, nasi tumekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni mahali pa utulivu ambapo familia ya Kiislamu inaweza kupumzika bila ya bughudha. Ya pili ni kwamba kisiwa hicho kimetufunza jambo ambalo miaka mitatu ya vikao vya nyumbani haikuweza kutufunza.

Tulikwenda kwa ombi la mama yetu. Marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia shamba la minazi huko Takaungu, linaloanzia barabarani na kuteremka hadi ufuoni. Warithi ni mama, mwenye thumuni yake, na sisi wana wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Akatokea mnunuzi mwenye fedha nyingi. Wawili wetu walitaka tuuze, wawili hawakutaka. Hatutasema hapa nani alikuwa upande gani, kwa kuwa sote tulisema maneno yasiyostahili kusemwa. Ukapita mwaka mzima tukawa tunaonana mazikoni na siku za Idi tu, tukipeana mikono kama watu waliokutana kwenye kivuko cha Likoni.

Kitindamimba wetu anaishi Barcelona, ambako ni muuguzi. Kwa muda mrefu alikuwa akimsihi mama amtembelee. Mama akamjibu kwamba hatavuka bahari ila awe na wanawe wote pamoja. "Nikifa mtakutana kaburini kwangu," alisema. "Mimi nataka mkutane nikiwa hai, niwaone." Kwa kauli hiyo hakuna aliyeweza kukataa. Tukahangaika na viza kwa wiki kadhaa, na mwezi wa Aprili, Idi ikiwa imepita na shule zimefungwa, tukasafiri pamoja na watoto wetu watatu. Kutoka Barcelona hadi Menorca ni safari ya ndege isiyozidi saa moja.

Kisiwa chenyewe si kikubwa. Kina ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 700 na wakazi karibu laki moja. Mji wa Maó uko mashariki, penye bandari ya asili ndefu inayoingia ndani ya nchi kwa takriban kilomita tano. Mji wa Ciutadella uko magharibi, na barabara kuu inayoiunganisha miji hiyo ina kilomita zipatazo 45. Mlima mrefu kuliko yote, Monte Toro, haufiki mita 400. Kwa hiyo mtu anaweza kufungua kinywa mashariki, akala chakula cha mchana magharibi, na akarudi nyumbani kabla ya Alasiri kutoka.

Ukipanda juu kidogo utaona kwamba kisiwa kimegawika sura mbili. Upande wa kaskazini ni mawe meusi na mekundu, vichaka vilivyoinamishwa na upepo wanaouita tramuntana, na minara ya taa iliyosimama peke yake. Upande wa kusini ni mawe meupe ya chokaa, mabonde yenye misonobari, na hori ndogondogo ambamo maji ni maangavu hata mashua iliyotia nanga huonekana kama imening'inia hewani. Mwezi wa Aprili mashamba yamejaa maua ya manjano na mekundu, na ng'ombe weusi kwa weupe wanakula majani hadi tumboni.

Tulikodi nyumba katika kijiji cha Es Migjorn Gran, chenye kuta nyeupe na vichochoro vyembamba. Mama alipoviona alisema kwamba vikiongezewa punda wawili vitakuwa vya Lamu. Hoteli nyingi za ufuoni zilikuwa bado zimefungwa. Mwezi wa Agosti, kwa maelezo ya wenyeji, kisiwa hufurika watu, na magari huwekewa mipaka ya kuingia katika baadhi ya fukwe. Lakini wakati wa masika yao, sauti tulizozisikia asubuhi zilikuwa za ndege, kengele ya kanisa, na mwenye duka akifungua milango yake.

Katika nyumba hiyo jambo la kwanza lilikuwa kutafuta kibla. Sisi watu wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini, kiasi kwamba wazee wetu waliuita upande wa kaskazini kibla. Huko Menorca, Makka iko mashariki, ikielekea kidogo kusini. Mama alitandika mswala wake mara ya kwanza kwa mazoea ya nyumbani, mjukuu wake akamgeuza kwa upole. Magharibi nayo huingia saa mbili na nusu usiku, wakati ambao huku kwetu Isha imeshasaliwa na watu wako mezani. Siku mbili za mwanzo watoto walikuwa wakiuliza jua hilo lina nini hata halitaki kulala.

Wasomaji watataka kujua kuhusu chakula. Samaki wapo wa kila namna, na kijiji cha Fornells kinasifika kwa mchuzi wa kamba mawe. Jibini ya Maó ni tamu, ila inafaa kuuliza imegandishwa kwa nini, kwa kuwa nyingine hugandishwa kwa mimea na nyingine kwa kitu kinachotoka tumboni mwa ndama. Tahadhari kubwa ni juu ya mkate mtamu uliosokotwa kama konokono, uitwao ensaimada. Ukiutazama utadhani ni wa unga na sukari tu, kumbe jina lake lenyewe limetokana na saïm, yaani mafuta ya nguruwe. Mmoja wa watoto alikuwa ameshaunyanyua mkononi pale shangazi yake alipomwahi.

Siku ya tatu tulikwenda ufuo wa Binigaus. Mama, kwa ajili ya goti lake, alipelekwa kwa gari hadi Sant Tomàs na kutembea kidogo kando ya maji. Sisi tuliteremka kwa miguu kupitia bonde. Watoto walikimbilia majini na kutoka kwa kasi ileile, kwani maji ya Aprili huko ni ya baridi kama ya mtungi. Ufuoni palikuwa na malundo ya majani makavu ya bahari, nao wakalalamika kwamba pwani haijafagiliwa. Kitindamimba akawaeleza kwamba majani hayo huachwa kwa makusudi. Nyasi hizo za bahari ndizo zinazosafisha maji, na malundo yake yakiondolewa, mawimbi ya kusi na kaskazi ya huko huuchukua mchanga.

Tukiwa njiani kurudi, mwana mmoja aliyekuwa akisoma vibao alituuliza kwa nini majina mengi ya kisiwa hicho yanaanza kwa Bini. Kweli, ramani ilikuwa imejaa: Binigaus, Binibeca, Binidalí, Biniancolla, Binissafúller, Binimel·là. Kaka yetu mkubwa, aliyesoma Kiarabu madrasa kwa miaka mingi, alisimama akacheka. "Hiyo ni bani," alisema. "Wana wa fulani. Kila pahala hapa palikuwa pa wana wa fulani."

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza historia. Kisiwa hicho kiliingia katika milki ya Cordoba mwaka 903, na Waislamu wakakaa humo kwa takriban karne nne, wakilima, wakichimba visima na kufuga. Mwaka 1231, baada ya Mallorca kutekwa, Mfalme James wa Kwanza wa Aragon aliamuru mioto mingi iwashwe juu ya kilima cha Capdepera ili watu wa Menorca, wakitazama ng'ambo ya bahari usiku, wadhani ana jeshi kubwa. Hakuwa nalo, lakini hila ilifaa. Wakakubali kulipa kodi kila mwaka, na wao wakaachiwa dini yao, sheria yao na utawala wao. Kuanzia mwaka 1234 hadi 1282 walitawaliwa na Said ibn Hakam, mtu wa elimu na mshairi, aliyewakusanya wanazuoni na vitabu kisiwani. Akafuatiwa na mwanawe. Kisha mnamo Januari 1287 Mfalme Alfonso wa Tatu wa Aragon akashuka na jeshi. Waislamu walijihami katika ngome ya mwisho, juu ya mlima ambao leo unaitwa Santa Àgueda, na baada ya siku chache wakasalimu amri. Mtawala aliruhusiwa kuondoka na jamaa zake na vitabu. Watu wa kawaida walioweza kujikomboa kwa fedha waliondoka. Wasioweza, nao ndio walio wengi, walifanywa watumwa na kuuzwa.

Tuliamua kuupanda mlima huo. Mama alibaki nyumbani na wajukuu, na alipotuona tunajifunga viatu alisema tu, "Nendeni nyote wanne." Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi ya baba sisi wanne kuwa mahali pamoja bila ya mtu mwingine. Njia ni ya mawe ya zamani sana, iliyotandikwa tangu enzi za Warumi, inayopita katikati ya miti mpaka kileleni, zaidi ya mita 250 juu ya bahari. Tulipanda bila ya kusemezana. Juu tulikuta mabaki ya kuta na minara iliyovunjika, majani mengi, na upepo. Pwani yote ya kaskazini ilikuwa wazi mbele yetu.

Tukakaa juu ya mawe. Baada ya kitambo mmoja wetu alisema, "Hawa nao waligawana mirathi."

Hakusema zaidi, wala haikuhitajika. Sote tuliyaona majina yale tuliyoyasoma vibaoni. Wana wa fulani walikuwa na mipaka yao, na visima vyao, na bila ya shaka ndugu waliokuwa hawasemezani kwa ajili ya kisima au mtini. Ikaja Januari moja, na ugomvi wote huo ukapoteza wenyewe. Majina yamebaki juu ya ramani, na anayeyatamka leo hajui kwamba anasema wana, wala wana hao hakuna anayejua waliishia soko gani.

Ndipo mwenzetu mmoja alipofungua kinywa na kutuambia jambo alilokuwa amelificha mwaka mzima. Alikuwa na deni. Biashara yake ilikuwa imeanguka, na alikuwa ameona haya kutwambia, kwa kuwa tungemuuliza fedha zilikwenda wapi. Kila alipokuwa akisema "tuuze", sisi tuliokuwa upande wa pili tulisikia tamaa, kumbe ilikuwa ni hofu. Na sisi tuliokuwa tukisema "hatuuzi" tulikuwa tukijiona walinzi wa jina la baba, ilhali hatukuwahi kumuuliza ndugu yetu amelalaje. Tulikaa huko hadi wakati wa Adhuhuri ukaingia. Tukatayamamu, tukasali kwa jamaa juu ya majani, tukawaombea marehemu wetu, na tukawaombea pia wale waliokuwa na ngome hiyo, tusiowajua majina isipokuwa ya wana wao.

Siku zilizofuata zilikuwa za mapumziko hasa. Tulitembelea Maó, ambako Waingereza walikaa kwa sehemu kubwa ya karne ya 18 na kuacha madirisha yao na baadhi ya maneno. Chaki huko huitwa xoc, neno walilolichukua kwa Waingereza kama sisi tulivyolichukua letu. Tulinunua makubadhi ya ngozi wanayoyaita avarques, ambayo fundi wa Lamu angeyatambua kwa haraka. Tuliona makaburi ya mawe na nguzo kubwa zilizosimamishwa na watu wa kale, ambazo tangu mwaka 2023 zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tulitembea sehemu ya Camí de Cavalls, njia ya kale ya farasi yenye kilomita 185 inayokizunguka kisiwa chote, nayo iko wazi kwa kila mtu.

Kila tulipokwenda tulifuatana na kuta za mawe. Ziko maelfu ya kilomita, zimepangwa kwa mkono bila ya udongo wala saruji, na milango yake ni ya mzeituni mwitu uliopinda. Karibu na kijiji tulimkuta mzee akirudishia mawe yaliyoporomoka. Kitindamimba akamsalimu kwa lugha yao na kumuuliza kama ukuta ni wake. Mzee akasema hapana, ni wa jirani. Tukastaajabu. Akaongeza kwamba ukuta ni wa jirani lakini ng'ombe ni wake, na akaendelea na kazi. Mama alicheka kicheko ambacho hatukukisikia kwa muda mrefu, na jioni yote alikuwa akilirudia neno hilo.

Mahali pengine palipotugusa ni Es Grau, upande wa mashariki, penye ziwa la pwani liitwalo s'Albufera. Jina hilo nalo limetokana na Kiarabu, buhaira, ndugu wa neno letu bahari. Kuna wakati ambapo ujenzi wa nyumba za likizo ulianza hapo, barabara zikachimbwa. Wenyeji walipinga kwa miaka mpaka ukasimamishwa, na mwaka 1995 mahali hapo pakatangazwa kuwa hifadhi. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1993, UNESCO ilikuwa imekitambua kisiwa kizima kuwa hifadhi ya maisha ya viumbe. Tulikaa ukingoni tukitazama bata na korongo. Sheria ya Uhispania ya mwaka 1988 inasema kwamba ufuo ni mali ya umma, na hakuna awezaye kuuzungushia ukuta. Kila mmoja wetu alikuwa akiiwaza njia inayopita katikati ya minazi ya baba, ambayo wavuvi wa Takaungu wameitumia tangu kabla hatujazaliwa. Mnunuzi alikuwa ametaka ifungwe.

Usiku wa mwisho tulikula samaki katika sinia moja, sakafuni, kama tulivyokuwa tukila udogoni. Mama hakuuliza tulizungumza nini mlimani. Ndipo tulipomweleza sisi wenyewe. Tumekubaliana kwamba sehemu ya juu, iliyo kando ya barabara, itapimwa na kuthaminiwa, na atakayeweza kati yetu atainunua kwanza, ili deni la ndugu yetu lilipwe kwa haki yake mwenyewe, si kwa sadaka. Sehemu ya chini, yenye minazi na njia ya wavuvi, haitauzwa sasa. Tumesema sasa, kwa kuwa hatumiliki kesho, na watoto wetu nao watakuwa na rai zao. Yapo bado mambo ya kuandikiana mbele ya kadhi, na huenda tukahitilafiana tena. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ukuta wa jirani, ng'ombe wangu," akaomba apewe maji ya kunawa.

Kwa wanaotamani kwenda, tunawausia haya machache. Nendeni Aprili, Mei au Oktoba, si Agosti. Anzeni mambo ya viza mapema. Kodini nyumba yenye jiko, kwa kuwa nyama ya halali si rahisi kupatikana vijijini, na samaki wa sokoni watawatosha. Chukueni nguo za upepo na viatu vya kutembelea. Msiende mkitafuta maduka makubwa wala shamrashamra za usiku, kwani hamtazipata kwa wingi, na hiyo ndiyo neema yake. Na ikiwa katika nyumba yenu mna ndugu msiosemezana nao, nendeni nao, au hata msiende mbali hivyo. Vaeni viatu, mpande mlima wowote ulio karibu, wenyewe kwa wenyewe, na mngojee hadi mmoja aseme.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape afya walio hai, na azipatanishe nyumba zetu kabla hazijabaki majina tu.

Wabillahi tawfiq.